Matini na Sherehe: Historia Fupi ya Kushirikiana Vijiprogramu na Maelezo Yake

Utangulizi

Katika mapokeo ya usomi wa pwani ya Afrika Mashariki, matini ngumu haikuachwa isafiri peke yake. Kasida ya Hamziya, iliyotungwa kwa Kiarabu na al-Busiri wa Misri katika karne ya 13, ilipofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarus bin Athumani, ilinakiliwa kwa lugha mbili, mstari wa Kiarabu na chini yake mstari wa Kiswahili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yamesalimika kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kumweleza mmishenari W. E. Taylor maana zake, hata yakaja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Mwenye kusoma ubeti wa Muyaka pasipo kujua ulijibu tukio gani huyashika maneno akakosa maana. Kazi ya kuifuatanisha matini na ufafanuzi wake ndiyo iitwayo sherehe, na kila mhakiki wa Kiswahili anajua kuwa diwani isiyo na sherehe ni nusu ya diwani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba suala hilo hilo la matini na sherehe limekuwa kiini cha historia ya kundi jingine la waandishi, ambalo wanalugha kwa kawaida hawalihesabu miongoni mwa waandishi, nalo ni kundi la watungaji wa programu za kompyuta. Programu ni matini. Huandikwa kwa lugha yenye msamiati na sarufi yake, husomwa, hunakiliwa, hukosolewa na hurithiwa. Tofauti yake na matini nyingine ni kwamba ina wasomaji wawili: mashine, ambayo hutii pasipo kuelewa, na mwanadamu, ambaye hana budi kuelewa kabla ya kuitumia au kuirekebisha. Itadaiwa hapa kwamba tangu mwaka 1949 ugumu wa kushirikiana vijiprogramu, yaani vipande vidogo vya programu vinavyoweza kutumiwa tena na tena, haukuwa hasa katika kuvitunga, bali katika kuvieleza. Na kwamba kila mara ruhusa ya kueleza ilipozuiwa, elimu yenyewe ilizuiwa pamoja nayo.

Kabati la Kanda, Cambridge

Kabla ya kuwako maktaba za programu, kulikuwa na madaftari. Grace Hopper na wenzake, waliofanya kazi na mashine ya Mark I katika Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1944, waliviandika katika madaftari yao vipande vya programu vilivyokwisha kujaribiwa, wakawa wakiazimana na kunakiliana. Hopper alikumbuka baadaye kwamba njia hiyo ilizaa makosa mengi, kwa sababu binadamu akinakili huruka na akijumlisha hukosea. Hali hiyo haimshangazi yeyote aliyewahi kulinganisha nakala mbili za utenzi mmoja.

Hatua kubwa ilichukuliwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Mashine iliyoitwa EDSAC, iliyojengwa chini ya uongozi wa Maurice Wilkes, ilitekeleza programu yake ya kwanza tarehe 6 Mei 1949. Amri zake ziliandikwa kwa herufi moja na namba: herufi A iliamuru kujumlisha na S kutoa. Hapakuwa na amri ya kugawanya. Kwa hiyo kila aliyetaka kugawanya namba moja kwa nyingine ilimlazimu atunge mfululizo mzima wa amri za kufanya kazi hiyo, na mwenzake wa meza ya pili naye ilimlazimu atunge wa kwake. Muda haukupita mrefu kabla Wilkes hajatambua, kama alivyoeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1985, kwamba sehemu kubwa ya maisha yake iliyobaki ingetumika kutafuta makosa katika programu zake mwenyewe.

Dawa iliyopatikana ilikuwa maktaba. Vijiprogramu vilivyojaribiwa vilitobolewa katika kanda za karatasi, kanda hizo zikawekwa katika kabati la chuma, na aliyehitaji kimoja alikwenda kabatini, akakitwaa, akakinakili kwa mashine katika ukanda wake mwenyewe, kisha akairudisha asili mahali pake. Kwa kuwa nakala ilifanywa na mashine, makosa ya mkono wa mwanadamu aliyoyalalamikia Hopper yaliepukwa. Vijiprogramu vilipangwa kwa herufi kulingana na kazi: D kwa kugawanya, P kwa kuchapa majibu, T kwa hesabu za pembetatu. Kufikia mwaka 1951 vilikuwapo 87. Mwaka huo huo Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walitoa kitabu kilichoeleza namna ya kuandaa programu za mashine ile, kikiwa na orodha ya vijiprogramu na maelezo yake. Kitabu hicho kilitanguliwa na ripoti ya mwezi wa Septemba 1950 iliyogawiwa watu wa vituo vingine.

Jambo linalowahusu wanalugha ni kile kilichoambatana na kila ukanda. Karatasi ya maelezo ilisema kijiprogramu hicho kinafanya nini, kinahitaji nafasi ngapi katika kumbukumbu ya mashine, kinachukua muda gani, namba za kuanzia ziwekwe wapi na jibu litapatikana wapi. Karatasi hiyo haikuwa ya mashine, kwa kuwa mashine haikuihitaji. Ilikuwa ya mtu atakayekuja baadaye. Wheeler, aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, alilizungumzia jambo hili katika mkutano wa wanakompyuta uliofanyika Pittsburgh, Marekani, mwaka 1952. Alisema kwamba baada ya kijiprogramu kutungwa na kujaribiwa, bado inabaki kazi ya kuandika maelezo yatakayomwezesha asiyejua undani wake akitumie kwa urahisi, na kwamba huenda kazi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote.

Kauli hiyo yafaa itiliwe maanani. Haikutolewa na mwalimu wa lugha anayeitetea taaluma yake, bali na mtu aliyebuni mbinu yenyewe ya kuirusha mashine kutoka programu kuu hadi kijiprogramu na kuirejesha ilikotoka. Mtu huyo, katika siku za mwanzo kabisa za fani hii, alikiri kwamba kutunga ni kazi na kueleza ni kazi zaidi.

Algorithimu kama Makala ya Kitaaluma

Maktaba ya Cambridge ilikuwa na mpaka wake. Vijiprogramu vyake viliandikwa kwa amri za EDSAC, na mwenye mashine nyingine hakuweza kuvitumia bila ya kuvitunga upya. Ilihitajika lugha ya pamoja, na lugha hiyo ilipatikana katika ALGOL 60, iliyokubaliwa na kamati ya wataalamu wa Ulaya na Marekani. Ripoti ya lugha hiyo ilitofautisha mambo matatu: lugha ya rejea, ambayo ndiyo kipimo cha usahihi; lugha ya uchapishaji, iliyokusudiwa kuandikwa vitabuni na majaridani; na maumbo ya lugha hiyo kadiri ya uwezo wa kila mashine. Kwa maneno mengine, waasisi wake walikubali waziwazi kwamba programu huandikwa ili isomwe na watu. Mwanaisimu atauona hapa mfano wa usanifishaji wa lugha unaofanana kwa kiasi na ule uliokipata Kiswahili tangu mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki: lahaja zikabaki midomoni mwa wenyeji wake, na umbo moja likachaguliwa kwa ajili ya kuchapishwa.

Mwezi wa Februari 1960 jarida la Communications of the ACM lilianzisha sehemu maalumu ya algorithimu. Kila algorithimu ilipewa namba, ikachapishwa pamoja na jina la mtungaji na maelezo mafupi. Wasomaji waliijaribu katika mashine zao, kisha wakaleta barua za kuithibitisha au kuisahihisha, nazo zikachapishwa vilevile. Jarida lilitamka kwamba halikutoa dhamana yoyote juu ya usahihi wa algorithimu hizo, na pia kwamba kila mtu aliruhusiwa kuzinakili bila malipo, mradi akizichapisha amtaje mtungaji na toleo la jarida. Hivyo kijiprogramu kilipanda daraja. Kiliacha kuwa kifaa cha kabatini, kikawa makala ya kitaaluma yenye mwandishi, wahakiki na historia ya masahihisho.

Mfano ulio bora katika sehemu hiyo ni Algorithimu ya 64, iliyochapishwa mwezi wa Julai 1961 na C. A. R. Hoare, nayo inafaa kukumbukwa na wanalugha kwa sababu ilizaliwa kutokana na kazi ya tafsiri. Hoare alisoma lugha na falsafa za kale katika Chuo Kikuu cha Oxford, akajifunza Kirusi alipokuwa katika jeshi la majini, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Moscow. Huko alijishughulisha na suala la kuifanya mashine itafsiri Kirusi kwa Kiingereza. Kamusi ilikuwa katika ukanda wa sumaku, imepangwa kwa utaratibu wa abjadi. Ili sentensi itafsiriwe upesi, maneno yake nayo yalipaswa kupangwa kwa abjadi kwanza. Suala lake likawa hili: mashine ipange maneno kwa njia gani iliyo ya haraka?

Njia aliyoibuni huelezeka kwa mfano mdogo. Yachukuliwe maneno ndovu, chui, tumbili, kima na paa. Lichaguliwe moja, tuseme kima. Maneno yanayolitangulia katika abjadi yawekwe upande wa kushoto, nalo ni chui peke yake; yanayolifuata yawekwe kulia, nayo ni ndovu, tumbili na paa. Kima limekwisha kupata mahali pake pa kudumu. Kisha kila upande utendewe vivyo hivyo: upande wa kulia lichaguliwe paa, ndovu litangulie na tumbili lifuate. Kazi imekwisha, na orodha ni chui, kima, ndovu, paa, tumbili. Siri ya njia hii ni kwamba sehemu hutendewa sawasawa na ilivyotendewa jumla, mpaka pasibaki la kupanga.

Hoare alisimulia katika mhadhara wake wa mwaka 1980, alipopokea Tuzo ya Turing, kwamba mwanzoni alipata taabu kubwa kuwaeleza wenzake njia hiyo. Ni baada ya kuhudhuria mafunzo ya ALGOL 60 mjini Brighton, karibu na Pasaka ya mwaka 1961, ndipo alipoona jinsi ya kuiandika, kwa kuwa lugha hiyo iliruhusu utaratibu ujiite wenyewe. Funzo ni dhahiri. Wazo lilikuwapo tangu awali. Kilichokosekana ni lugha ya kulieleza. Lugha ilipopatikana, wazo lililokuwa halielezeki likatosha katika mistari michache ya jarida, na mwaka uliofuata likawa limekwisha kujaribiwa na kuthibitishwa na wasomaji.

Mali ya Nani?

Wakati majarida yakichapisha algorithimu, makampuni na vituo vya utafiti vilikuwa vimejenga utaratibu wao wa kushirikiana. Mwezi wa Agosti 1955, watumiaji wa mashine ya IBM 704 wa eneo la Los Angeles walikutana wakaunda chama walichokiita SHARE. Sababu yao ilikuwa ya kiuchumi. Katika mashine iliyotangulia, IBM 701, takribani kila kituo kilikuwa kimejitungia programu zake za msingi, na watu wenye kulipwa vizuri walikuwa wakirudia kazi iliyokwisha kufanywa mtaa wa pili. Inafaa ikumbukwe kwamba wengi wa wanachama hao walikuwa wa makampuni ya ndege yaliyoshindana vikali sokoni. Hata hivyo waligawiana programu, kwa kuwa hakuna aliyeuza programu. Wao waliuza ndege, na IBM ilikodisha mashine.

Hali ilibadilika. Mwezi wa Juni 1969 IBM ilitangaza kwamba mashine na baadhi ya programu zingetozwa bei mbalimbali. Tangu hapo programu ilianza kuwa bidhaa yenye bei yake, na iliyo bidhaa hufungwa. Mgongano wa mitazamo miwili ulidhihirika mwaka 1976 miongoni mwa watu waliojinunulia kompyuta ndogo za nyumbani. Mnamo Februari mwaka huo, Bill Gates, kijana wa miaka ishirini, aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili programu yake ya lugha ya BASIC bila ya kulipa. Alisema saa za kompyuta zilizotumika kuitunga zilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 40,000, akauliza ni nani awezaye kutunga programu, kuondoa kasoro zake zote na kuandika maelezo yake, kisha akaigawa bure.

Haitakuwa haki kuidharau hoja hiyo. Mwandishi wa programu, sawa na mwandishi wa riwaya, hula. Zaidi ya hayo, Gates aliihesabu kazi ya kuandika maelezo miongoni mwa gharama, jambo ambalo wengi waliomjibu hawakulikana. Lakini jibu lingine lilikuwa limekwisha kuanza kutolewa kwa vitendo. Jarida la People's Computer Company la California lilikuwa limechapisha mwongozo wa Dennis Allison uliohimiza wasomaji wajitungie wenyewe BASIC ndogo, na mwezi wa Januari 1976 lilianzishwa jarida jipya, Dr. Dobb's Journal, lililochapisha programu nzima kurasani. Msomaji aliinakili kwa vidole, herufi kwa herufi. Mmoja wa watungaji hao, Li-Chen Wang, aliligeuza mwaka huo tangazo la kawaida la hakimiliki kwa mchezo wa maneno ya Kiingereza: badala ya kusema kwamba haki zote zimehifadhiwa, alisema kwamba yasiyo haki yote ndiyo yaliyohifadhiwa. Mzaha huo ulitangulia sheria. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU wa programu huru, na mwaka 1989 ikatolewa leseni yake, ambayo hutumia hakimiliki yenyewe kumlazimisha mpokeaji awaachie wengine uhuru alioupata. Kwamba sherehe nayo ni sehemu ya uhuru huo kulitambuliwa rasmi mwaka 2000, ilipotolewa leseni ya pekee kwa ajili ya vitabu vya maelezo.

Sherehe Iliyokatazwa

Hakuna kisa kinachodhihirisha uhusiano wa matini, sherehe na ruhusa kuliko kile cha John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales, mjini Sydney. Mfumo wa Unix ulianzishwa katika maabara ya Bell nchini Marekani mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Tangu toleo la kwanza la kitabu chake cha maelekezo, la tarehe 3 Novemba 1971, kila amri ilielezwa kwa mpangilio usiobadilika: jina, muhtasari wa matumizi, maelezo, mambo yanayohusiana nayo, na kasoro zake. Kipengele hicho cha kasoro ni cha ajabu. Ni nadra fundi kukiandika kitabu cha chombo chake akatenga mahali pa kusema penye ubovu, na ni nadra vilevile mwanasarufi kufanya hivyo.

Kampuni mama, AT&T, ilikuwa imefungwa na makubaliano ya mwaka 1956 na serikali ya Marekani isifanye biashara nje ya shughuli za mawasiliano. Kwa hiyo ilivipa vyuo vikuu leseni za Unix kwa bei nafuu, pamoja na msimbo asilia, yaani programu kama ilivyoandikwa na watungaji wake. Lions aliona fursa ya kuwafundisha wanafunzi wake kwa kusoma kazi halisi ya mabingwa badala ya mifano ya kubuni. Katika miaka ya 1976 na 1977 aliandaa vijitabu viwili. Kimoja kilikuwa na matini ya kiini cha toleo la sita la Unix, takribani mistari 9,000 iliyotiwa namba. Cha pili kilikuwa sherehe yake, iliyofafanua mstari baada ya mstari kwa kurejelea namba hizo. Aliyezoea tahakiki za tenzi atautambua utaratibu huo mara moja.

Katika matini hiyo mlikuwa na tanbihi moja iliyokuja kuwa mashuhuri, ambamo mtungaji alimwambia msomaji kwamba hatarajiwi kukielewa kifungu kile. Wengi waliichukulia kuwa majivuno. Ritchie alieleza baadaye kwamba nia ilikuwa ya upole, kwa maana ya kwamba jambo hilo halitaulizwa mtihanini. Akaongeza kwamba tatizo hasa ni kuwa watungaji wenyewe nao hawakuwa wamelielewa vyema. Hapa pana ushahidi kwamba pale sherehe inaposhindikana, mara nyingi kasoro imo ndani ya matini.

Mwaka 1979 lilipotoka toleo la saba, leseni yake ilikataza msimbo asilia usitumiwe kufundishia darasani. Sherehe ya Lions haikuweza tena kuchapishwa kwa uhalali. Kilichofuata ni kile ambacho historia ya maandishi imekiona mara nyingi: kitabu kilichokatazwa kilisomwa zaidi. Nakala zilidurufiwa kutoka nakala nyingine zilizokwisha kudurufiwa, hata herufi zikafifia, na kizazi kizima cha wanakompyuta kikajifunza kwa kurasa zisizosomeka vizuri. Ruhusa ya kuichapisha ilipatikana mwaka 1996, takribani miaka ishirini baadaye. Lions alifariki mwaka 1998.

Marufuku hayo yalikuwa na matokeo ambayo waliyoyaweka hawakuyatazamia. Andrew Tanenbaum, mhadhiri wa Amsterdam, alipokosa matini ya kufundishia aliamua kutunga mfumo mpya mdogo, MINIX, akauchapisha mwaka 1987 ndani ya kitabu cha kiada pamoja na ufafanuzi wake. Mmoja wa waliokisoma ni Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mwaka 1991 alianza kuwagawia watu mfumo wake wa Linux. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi sherehe inavyozaa matini mpya.

Matini na Sherehe Kuwa Kitu Kimoja

Hadi hapo maelezo yaliandamana na programu kama kivuli na mtu. Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford alipendekeza mwaka 1984 kwamba mpangilio huo ugeuzwe. Mtungaji, alisema, ajione kuwa mwandishi wa insha anayewaeleza binadamu kile anachotaka kompyuta ifanye, na amri zenyewe zije ndani ya insha hiyo kwa mfuatano unaomfaa msomaji. Katika utaratibu wake alioupa jina la WEB, andiko moja lilitoa mazao mawili: moja lililopangwa kwa ajili ya mashine, na jingine lililochapwa kwa ajili ya watu. Kwa njia hiyo alitunga TeX, programu ya kupanga kurasa za vitabu, na mwaka 1986 akaichapisha nzima kama kitabu. Aliahidi hata kuwalipa fedha waliogundua makosa.

Pendekezo la Knuth halikuenea kama alivyotumaini. Sababu moja ni kwamba linadai mtu mmoja awe bingwa wa fani mbili, na sababu nyingine ni kwamba programu hurekebishwa kila siku ilhali insha hupenda kukaa ilivyo. Sherehe isiyofuata mabadiliko ya matini yake ni hatari kuliko kutokuwapo kwa sherehe, kwa kuwa humpoteza msomaji anayeiamini. Pamoja na hayo, Knuth aliweka wazi kipimo ambacho hakijapitwa: programu iliyo njema ni ile inayoweza kusomwa.

Funzo kwa Taaluma ya Kiswahili

Historia hii haiko mbali na Kiswahili kama inavyodhaniwa. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alitoa tasnifu iliyoeleza utaratibu wa kuchanganua maumbo ya maneno kwa mashine. Maelezo yake yalikuwa kamili kiasi kwamba Lauri Karttunen na wanafunzi wake huko Texas waliweza kuitunga upya programu hiyo, wakaiita KIMMO. Ni katika msingi huo ambapo Arvi Hurskainen, wa chuo hicho hicho cha Helsinki, alieleza mwaka 1992 namna ya kukichanganua Kiswahili kwa kompyuta. Neno kama hatukuwasomea, ambalo mwanafunzi wa sarufi hulivunja kuwa ha-tu-ku-wa-som-e-a, liliweza sasa kuvunjwa na mashine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo asilia wa programu hizo ulikuwa huru kusomwa na kugeuzwa. Lau ungefungwa, wangebaki kuisubiri hisani ya mwenye mali.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, mjadala wa istilahi kwa muda mrefu umevutwa na jina la mashine, kama iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Jina ni jambo la lazima, lakini mwenye jina la chombo asiye na maneno ya kueleza kazi yake ni kama mwenye jina la jahazi asiyejua kuita tanga, demani wala foromali. Msamiati unaohitajika zaidi ni ule wa karatasi ya Cambridge: kijiprogramu hiki kinafanya nini, kinataka nini, kinarudisha nini, na kina kasoro gani. Msamiati huo hautatungwa na kamati peke yake. Utakomaa kwa kuandika maelezo halisi kwa ajili ya wasomaji halisi.

Pili, utafiti wa lugha umo katika hatari ile ile iliyowakuta watumiaji wa IBM 701. Mtafiti hutunga programu ndogo ya kuhesabu marudio ya maneno au ya kulinganisha vina vya mashairi, akaitumia kwa tasnifu yake, kisha programu hiyo ikafa pamoja na mashine yake, kwa kuwa haikuandikiwa hata ukurasa mmoja wa maelezo. Anayemfuata huanza upya. Majarida ya lugha yana uwezo wa kulitibu tatizo hili, kama lilivyofanya Communications of the ACM mwaka 1960, kwa kukubali kwamba programu fupi iliyoelezwa kwa Kiswahili fasaha, yenye jina la mtungaji wake na iliyo wazi kwa masahihisho ya wasomaji, ni mchango wa kitaaluma unaostahili kurasa.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba kushirikiana vijiprogramu kulihitaji nguzo tatu: matini iliyo sahihi, sherehe inayoeleweka na ruhusa ya kuzitumia zote mbili. Cambridge ilikuwa na zote ndani ya kabati moja. Jarida la algorithimu lilizisambaza nchi nyingi. Kisa cha Lions kilidhihirisha kinachotokea ruhusa inapoondolewa. Kanda za EDSAC haziwezi kutekelezwa leo na mashine yoyote ya kawaida, lakini kitabu kilichozieleza kingali kinasomeka na aliyekisoma anaweza kuvitunga vijiprogramu vile upya. Matini ilikufa na mashine yake. Kilichobaki ni maelezo. Watu wa Mvita, waliomsikia Muyaka kwa masikio yao, hawakuhitaji sherehe. Sherehe iliandikwa kwa ajili ya wale ambao hawangekuwapo.